Maji Baridi Kwenye Sufuria

Chai ya maziwa inachemka, na kamusi iko wazi mezani. Inasema neno la Kiingereza confute, yaani kuonyesha kwamba dai fulani si kweli, huenda zamani lilimaanisha kutuliza chungu kinachochemka kwa maji baridi. Mvuke unanirudisha kwetu, utotoni.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai. Jirani aliyehamia juzi alisimama mlangoni akifoka. "Mama, ng'ombe wako amekula chai yangu yote. Naenda kwa chifu."

Tulikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu. Nikamkumbatia shingo, yenye joto na umande.

Mama hakubishana. Alichuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka kwenye pua ya ng'ombe. Ng'ombe akanusa, akageuza kichwa.

"Mpe wewe," Mama akamwambia jirani. Ng'ombe akageuza kichwa tena.

"Ng'ombe hali chai," Mama akasema. "Yako imeharibiwa na mvua ya mawe ya jana."

Ndani, sufuria ya chai ilikuwa inafurika. Mama akatia maji baridi kidogo, povu likashuka. "Kaa unywe," akamwambia.

Sasa chai yangu hii imefika ukingoni mwa sufuria. Natia maji baridi, na povu linashuka.