Mlango wa Upande wa Upepo

Leonise Quashie alipomwambia fundi aung'oe mlango wa mbele wa nyumba yake na kuziba mahali pake kwa mbao, sisi watu wa kijiji cha L'Esterre tulisema kimbunga kimembebea bati na akili kwa mkupuo mmoja. Na kwa kuwa hatuna haya, tulisema huku anasikia.

Fundi Alcide ni mtu wa Windward, kijiji cha waunda mashua, amezaliwa kati ya mbavu za mashua. Tangu kimbunga cha Julai alikuwa ameacha kuunda mashua, kwa sababu karibu kisiwa chote cha Carriacou kilikuwa hakina paa. Aliposikia agizo lile aliweka msumeno chini, akajifuta jasho, akamtazama vizuri yule mama.

"Dada Leo, nyumba isiyo na mlango wa mbele naijua moja tu, na hiyo huwa tunaichimbia shimo."

"Ziba."

"Na wageni wako je?"

"Wapite nyuma. Asiyetaka abaki kwake."

Basi akaziba, huku akinung'unika. Alipanga mbao kwa ustadi kama anavyopanga za mashua, hata tundu la sindano usingeliona. Leonise akashusha pumzi. Alikuwa akilala kwenye hema pale kanisani, pamoja na watoto wa watu na kikohozi cha watu, naye alitaka jambo moja tu duniani: arudi alale ndani ya nyumba aliyoijenga baba yake, asibishiwe hodi.

Hilo la hodi hakumwambia mtu.

Kwetu kimbunga kikija, mlango unaotazama upepo haufunguliwi hata aje askofu. Ukiufungua, upepo unaingia, unatafuta pa kutokea, na hauoni pengine ila paa. Unafungua kidirisha cha upande wa pili ili nyumba ipumue, unaingia chini ya meza, unasali. Leonise alifundishwa hivyo na baba yake, na baba alifundishwa na wake. Asubuhi ile ya kimbunga alifanya kama alivyofundishwa. Alikuwa chini ya meza, peke yake, shuka imemfunika kichwa, mlango wa mbele, ule wa upande wa upepo, ulipobishwa.

Bati likipigwa na upepo hugonga ovyo. Hii ilikuwa ngumi ya mtu. Iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena kwa adabu, kama watu wanavyobisha siku ya Jumapili. Kisha akasikia jina lake, limechanwachanwa na upepo, akaijua sauti. Alikuwa Ozias Lendore, jirani wa kilimani, baharia mstaafu mwenye nyumba ya zege. Hawakuwa wakisemezana. Kiangazi kilichotangulia, mifugo ilipofunguliwa kama ilivyo desturi, mbuzi wa Ozias walikuwa wameimaliza mbaazi ya Leonise hadi mashina, na mzee yule badala ya kuomba radhi akacheka.

Leonise alipiga kelele, "Zunguka nyuma!" Upepo ukaila sauti yake. Hakuita mara ya pili. Alijiambia sheria ni sheria, akajiambia pia, Mungu amsamehe, kwamba leo yule naye aone. Ngumi ikagonga, ikagonga, ikaacha. Halafu paa likaenda hata hivyo. Mlango wenyewe ulibaki wima, umefungwa, hauna hata mkwaruzo.

Ozias alikutwa bondeni chini ya barabara. Watu wakasema mbuzi wamemponza, ametoka kuwafungua na upepo ukamchukua. Leonise alisimama katikati ya watu hao akaitikia kwa kichwa. Baadaye ukipita karibu naye unamsikia akisema peke yake, tena wazi, kwamba yeye ni mwovu. Tulidhani ni uchungu wa nyumba.

Kazi ya kujenga ilipoanza, ngumi ikarudi. Haikuja usiku, ilikuja mchana kweupe, kabla ya adhuhuri, upepo ukiamka. Leonise huwa anasugua matope sakafuni au ananyoosha misumari ya zamani, akaisikia mlangoni, akafungua, na nje hakuna kitu ila jua. Ndiyo maana mlango ukazibwa. Kwa siku chache pakawa kimya, akaanza hata kuimba. Siku moja Alcide yuko juu anapigilia bati, nyundo ikasimama. Akainama ukingoni mwa paa.

"Dada Leo, una mgeni. Mbona humwitikii?"

"Mgeni gani?"

"Huyo anayebisha ukutani."

Alcide aliteremka ngazi, akaenda kutazama, asione mtu, akarudi taratibu. Hakufanya mzaha tena siku ile. Alichukua chupa yake ya ramu, akamwaga kidogo ardhini mbele ya ukuta, akamuuliza Leonise kama kuna marehemu wa kwao aliyesahauliwa kulishwa. Leonise alisema hakuna. Kwa kweli hakudanganya, maana Ozias hakuwa wa kwao.

Nyumba iliyopata paa jipya hailaliwi kwetu kabla wazee waliotangulia hawajawekewa sahani yao. Leonise akapika: ugali wa mahindi aliouviringa kama mpira, mbaazi, kuku wa kienyeji, na wali wa nazi. Jioni, jua bado lipo, akatandika kitambaa cheupe mezani chumbani, akaweka glasi ya maji na ya ramu, akawasha mshumaa. Jirani haachwi, kwa hiyo alimwalika pia Jocelle, bintiye Ozias, aliyekuja kutoka Brooklyn na kukaa katika nyumba ya baba yake. Nyumba hiyo ya zege kimbunga hakikuitoa hata kigae.

Leonise alikuwa ameshika bakuli la mbaazi ukuta ulipobishwa. Bakuli likaanguka. Alcide, aliyekuwa na glasi yake tayari, akatoka nje, akarudi na Jocelle kwa mlango wa nyuma.

"Nimebisha ukutani kama mwendawazimu," Jocelle alisema akicheka. "Njia ya kwetu inakuleta hapo hapo. Mlango umeenda wapi, Shangazi?"

Leonise alikuwa akiokota vigae vya bakuli. Jocelle akachutama kumsaidia. Alisema anamshukuru kwa kumwalika, kwa sababu anajua yeye na mzee walikosana, na kwamba mzee mwenyewe yalimuuma. Asubuhi ya kimbunga, alisema, baba yake alimpigia simu kabla mawasiliano hayajakatika.

"Aliniambia, 'Nyumba ya Leonise ni mbao tupu, haitafika mchana. Nashuka kumchukua yule mkaidi nimlete kwangu, hata akinitukana njia nzima.' Nikamwambia asitoke. Nilidhani amenisikia. Sijui kama alifika hata nusu ya njia."

Leonise alikaa chini pale pale, kwenye mbaazi. Miezi yote hiyo aliamini kwamba mtu yule alikuja kuomba hifadhi.

"Alifika," alisema.

Jocelle akamtazama.

"Alifika, mwanangu. Alibisha hapo, akaniita jina langu, nikamjua. Sikumfungulia."

Alcide aliweka glasi chini. Jocelle hakulia wala hakupaza sauti. Alisimama, akatazama meza nyeupe chumbani, akauliza kama baba yake amewekewa sahani. Leonise akasema wanaitwa wa ukoo tu. Jocelle akasema, "Basi leo mwite. Mwite wewe, mimi siwezi." Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakurudi tena katika nyumba ile.

Leonise hakungoja fundi. Alichukua mtalimbo, akauchomeka kati ya zile mbao zilizopangwa kwa ustadi, akazing'oa moja moja, mikono ikimvuja damu, huku Alcide akitazama kazi yake ikiharibiwa. Upepo ukaingia, ukazima mshumaa wa wazee. Leonise akamwaga maji kizingitini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ozias Lendore, karibu." Akaweka sahani. Usiku ule akalala kwake.

Tangu hapo hajabishiwa hodi, wala mchana wala wakati mwingine. Tulimwambia ashukuru, mzee amepokea. Alcide amemrudishia mlango, lakini Leonise haufungi. Upepo ukiamka kabla ya adhuhuri utamkuta ameacha kazi, amekaa karibu na kizingiti, kichwa ameinamisha kama mtu anayetega sikio.

"Ningemfungulia sasa," anasema, "lakini haji."