Mgomba wa Nne

Mimi ni fundi wa marumaru. Naishi Pasua, mjini Moshi, na kwa miaka mingi nimekula kwa kunyoosha mistari ya watu wengine. Sakafu ikipinda hata kidogo, naiona kabla mwenye nyumba hajanikaribisha. Hilo siliiti kipaji, naliita ugonjwa. Kanisani nimewahi kukosa injili nzima kwa sababu ya kipande kimoja kilichokaa vibaya karibu na miguu ya padre.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyepanda Rombo mwezi ule wa Desemba kwenda kujengea kaburi la baba yake.

Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kama ilivyo kawaida yetu, kwenye kona ya chini, kati ya migomba na mpaka. Kwetu ni juu kidogo ya mji wa Mkuu. Mama alibaki pale na ng'ombe mmoja. Magoti yake yalikuwa yameshagoma, na ng'ombe wa kwetu hatoki bandani; majani hukatwa huko chini tambarare, yakapandishwa mlima kichwani mwa mtu. Mtu huyo alikuwa jirani yetu, mama mmoja ambaye shamba lake linapakana na letu.

Hakuwa na sababu yoyote ya kufanya kazi hiyo. Mume wake alikuwa amepooza upande mmoja, na yeye ndiye aliyemlisha, akamgeuza, akamwogesha. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amekufa. Hata hivyo kila asubuhi alishuka na panga lake, akapanda na mzigo, akaushusha mlangoni kwa banda letu. Mama alipompa maziwa alipokea kikombe kimoja cha mgonjwa, basi. Nilimuuliza siku moja kwa nini anamkatia majani ng'ombe asiye wake. Alinijibu kwamba mikono imezoea. Nikaliona ni jibu zuri, kwa kuwa lilinifaa.

Lilinifaa kwa sababu bila yeye nisingejua pa kumweka mama. Mama alishatangaza kwamba atatoka katika nyumba ile kwa njia aliyotokea baba, yaani hatua hamsini hivi, mpaka kwenye kona ya chini. Bila majani hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe mama hana riziki; ningelazimika kumteremsha Pasua, kwenye vyumba vyangu viwili, akae kwenye kochi akitazama ukuta wa watu. Nilijua hatamaliza mwaka. Nililijua hilo vizuri kabisa, na bado nikafanya nilichofanya.

Siku ya kwanza nilisafisha kaburi, nikachimba msingi, nikapandisha safu mbili za tofali. Siku ya pili asubuhi nilitoa kamba ili nipate mstari wa kuanzia. Mpaka wetu na jirani ni wa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo wazee waliipanda tangu barabarani hadi korongoni. Nilifunga kamba kwenye isale lililo kando ya kaburi, nikaivuta kwenda juu, sambamba na ukuta wa nyumba, hadi barabarani. Kisha nikageuka kutazama.

Mpaka ulikuwa umepinda. Pale kaburini masale yalisimama juu ya kamba, sawasawa. Lakini kutoka kaburini kwenda juu yalikuwa yameingia hatua tatu nzima upande wetu, na ng'ambo yake imesimama kahawa ya jirani, imestawi, haina habari. Nilipima tena. Nilipima na mara ya tatu, kwa kuwa mtu akishakasirika anapenda kupima. Jibu lilikuwa lilelile: jirani alikuwa ametula hatua tatu.

Basi akatokea. Alikuwa anapanda kutoka tambarare, mzigo wa majani kichwani, shingo imekaza, anahema. Nilimwamkia, maana sikulelewa ovyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka kwenye shamba dogo," nikasema.

Hapo nikamsomea mashtaka yote, mzigo ukiwa bado kichwani mwake. Nilimwambia kuhusu kamba. Nilimwambia kwamba baba alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kugusa mpaka, na kwamba kumkatia mjane majani si leseni ya kumhamishia masale. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda sana wakati naitamka. Nimeikumbuka mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara natamani ningekuwa na tonge mdomoni.

Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kamba umeifunga wapi?"

"Hapo kwa baba."

"Eeh," akasema. Akaushusha mzigo mlangoni kwa banda. "Haya yana umande. Mpeni yale makavu kwanza, asije akavimba tumbo." Akaenda zake.

Nilirudi jikoni nikiwa nimeshinda. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza ushindi wangu wote, pamoja na ile sentensi niliyoipenda. Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akachukua nyingine, akaiweka chini.

"Siku tunamzika baba yako," akasema, "asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mochwari. Nilikwenda kumchukua."

"Basi ulipokuwa mochwari, wachimbaji walikutana na jiwe."

Jiwe lilikuwa kubwa kama meza. Kutoka karibu na mpaka kuja kwetu lilikuwa limetanda lote. Walijaribu kwa mtaimbo hadi mtaimbo ukapinda. Padre alikuwa ameshafika, watu wameshakaa chini ya maturubai, na mimi niko njiani na jeneza. Wazee walianza kunong'ona kwamba baba azikwe juu kule, karibu na choo, ambako udongo ni laini. Mama aliposikia hivyo aliishiwa nguvu, wakamkalisha.

Ndipo jirani akauliza upande wake kukoje. Hakungoja jibu. Alichukua panga, akang'oa masale kwa mkono wake, akayasogeza hatua tatu ndani ya shamba lake, akayapanda upya. Mahali pale palikuwa na migomba yake mitatu. Aliikata yote. Wakati huo mume wake alikuwa na mwezi mmoja tu kitandani, na ndizi hizo ndizo alizokuwa anazitegemea.

"Hapo ulipofunga kamba ni shambani kwake. Baba yako amelala kwake," mama akasema. "Kwetu hapo ni miguu tu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema jirani alimwomba asimwambie mtu, watoto wasije wakajiona wana deni kwenye kaburi la baba yao. Halafu akaongeza, kwa sauti ileile ya kumenya ndizi, kwamba mikungu mitatu ya migomba ile haikutupwa. Ilipikwa machalari ya msiba, ndizi na nyama, siku hiyohiyo.

Machalari hayo niliyakumbuka. Nilikula sahani moja, nikawauliza akina mama waliokuwa jikoni ni nani aliyeleta ndizi changa kwenye msiba wa mzee. Niliuliza kwa sauti, ili wasikie vizuri. Jirani alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshika mwiko.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baadaye. Nilitoka nikaifungua kamba, nikaizungusha kwenye kijiti chake taratibu, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mikono.

Kwetu kuna njia ya kuomba radhi. Unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, naye hawezi kulikataa. Kwa hiyo mmea uleule tunaougombania mpakani ndio unaotupatanisha. Nadhani wazee hawakutaka kupoteza nafasi shambani kwa mimea miwili. Kikawaida unakwenda na mtu mzima wa kukusindikiza. Nilimwomba mama. Akasema magoti.

Nilipanga kwenda baada ya jirani kuleta majani, ili nimkute ametulia. Asubuhi nikakaa mlangoni kwa banda, jani mkononi. Muda wake ukafika, ukapita. Jua likatoka, ukungu ukainuka, hakuna mtu. Ng'ombe akaanza kulia. Alilia kwa zamu: mara moja kuelekea barabarani, mara moja kuelekea kwangu. Mama alitoka, akasimama, akatazama njia ya tambarare, akarudi ndani. Tayari nilikuwa namwona kwenye lile kochi.

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta jirani kwenye baraza yake, amemwegemeza mumewe kifuani na anamnywesha uji kwa kijiko. Mzee alikuwa ametapika. Kanga iliyolowa ilikuwa imetupwa pembeni, na nyingine ilikuwa inaelekea hukohuko.

"Nimechelewa, baba," akasema kabla sijafungua mdomo. "Huyu kanisumbua tangu alfajiri. Ng'ombe namsikia."

Nilimpa jani kwa mikono miwili. Usiku kucha nilikuwa nimepanga hotuba. Nikasema tu, "Mama, nimekosa. Sikujua."

Aliweka kijiko kwenye bakuli, akafuta mikono, akalipokea. Aliligeuza, akatazama fundo langu, akalifungua, akalifunga vizuri zaidi.

"Imekwisha," akasema. Kisha akanionyesha panga ukutani kwa kidevu. "Basi leo kakate wewe. Usikate ya karibu na maji, hayo ng'ombe hali."

Nilishuka tambarare. Kushuka kulikuwa kuzuri. Nilikata majani mengi kwa hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe, nikafunga mzigo, nikajitwisha, na baada ya kona ya kwanza ukaanguka. Nikapunguza. Ukaanguka. Nikapunguza tena. Bibi mmoja alinipita akiwa na mzigo mara mbili ya wangu, akaniuliza kama naumwa. Nilifika nyumbani saa sita na fungu ambalo mbuzi mwenye adabu angelimaliza akiwa amesimama.

Ng'ombe hakuwa analia. Alikuwa anatafuna. Mbele yake kulikuwa na vipande vya mgomba vilivyokatwakatwa, vyeupe, vinatoa maji, na jirani alikuwa anafuta panga jingine kwenye nyasi.

"Hatukuweza kukungoja," akasema. "Alikuwa anaumia."

"Mgomba wa nani?"

"Ulikuwa umeinama. Ungeanguka tu."

Akaondoka haraka, mgonjwa yuko peke yake. Nilikwenda hadi mpakani nikatazama kisiki, upande wa jirani. Nilichuchumaa, nikatoa timazi mfukoni, nikaishusha kando yake. Mimi ni fundi, najua kilichosimama wima. Mgomba ule haukuwa umeinama popote.

Nilimaliza kaburi siku mbili baadaye. Niliweka marumaru hadi mwisho, upande wake na upande wetu, na masale nikayaacha yalivyopinda. Vijana wanaopita njia ya korongoni hunitania kwamba fundi mzima, mpaka umemshinda. Huwaambia ndiyo, umenishinda.

Lakini siku ile ya mgomba, mchana, mama aliniita kula. Jirani alikuwa ameuacha mkungu wa mgomba huo jikoni kwetu. Mama aliupika na maziwa, akanipakulia, akakaa mbele yangu kunitazama. Ndizi zilikuwa changa sana, zinagoma hata kumezwa.

Nilikula sahani mbili, nikaomba ya tatu.