Viazi vya Siku ya Mafuriko

Kwa miaka kumi na tisa, kila saa moja asubuhi, Saturnina Ccori alipanda hadi kwenye kipimamvua cha mgodi, akapima maji na kuandika namba moja. Fomu ilitaka hiyo tu: mvua ya kutwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza ilinyesha kwa muda gani, na hilo lilimkera.

Sasa injinia Rebaza, kijana kutoka jiji la Lima, alikuwa anapanga mtaro wa kukinga maji ya mlimani. Alichukua mvua kubwa kuliko zote daftarini, milimita thelathini na nane, akaigawa kwa saa ishirini na nne. Ukatoka mtaro mwembamba, kuku anauruka. Chini yake kuna nyumba sita, na moja ni ya binti yake Saturnina.

"Injinia, mvua ile haikunyesha kutwa. Ilianza naweka sufuria ya viazi motoni, ikakata naiepua."

"Mama, kompyuta yangu haijui viazi."

"Ndiyo maana haijui mvua."

Rebaza alicheka, lakini akaja jikoni na saa yake. Hakuwa mtu mbaya. Huku juu milimani viazi haviivi upesi, wakakaa mpaka vikalainika.

"Dakika hamsini," akasema, kalamu mkononi.

Saturnina aliushika mkono wenye kalamu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia watu kwamba marehemu mumewe, Eusebio, siku ya mvua ile alitoka nyumbani akiwa ameshiba. Alilisema hilo mpaka akaliamini.

"Usiandike," alisema. "Havikuwa vimeiva. Mvua ilipokata tu, mume wangu alichomoa kimoja, akakimbilia kwenye zizi la mifugo yake ya alpaka anakitafuna. Maji ya mlimani yakamkuta huko."

Rebaza aliitazama saa yake, kisha akabandika sufuria nyingine. Kila baada ya dakika mbili alitoa kiazi, Saturnina akaking'ata. Bado. Bado. Ugumu ule aliujua, maana vilivyobaki siku ile alivila akimsubiri mumewe.

Kiazi cha kumi na moja kilimfanya afumbe macho.

"Hiki. Kiini chake kilikuwa kigumu hivi hivi."

"Maji yote yale kwa dakika ishirini na mbili," Rebaza alisema taratibu. Akaufuta mtaro wote, akachora mwingine ambao hata farasi asingeuruka.

Saturnina akakimaliza kiazi kile, kibichi hivyo hivyo.