Kengele ya Saa Kumi na Moja

Sauti ninayo. Hilo hata wasionipenda wanakiri. Kanisani kwetu, huku milimani Upare wa Kusini, umeme ukikatika katikati ya ibada na kipaza sauti kikafa, watu hawamtafuti fundi, wanageuka kunitazama mimi. Kwa hiyo nilipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, kazi ya kusoma matangazo ilinifuata yenyewe. Ndoa, zamu za kusafisha mfereji, mbuzi aliyepotea, barua za shule ya sekondari, vyote vilipita mdomoni mwangu. Habari ya shule isiposomwa kanisani, huku kwetu haijatoka.

Na mimi sikuwa nasoma tu. Nilikuwa naongezea. Tangazo likisema wazazi waje kwenye kikao, nami naweka changu: "Na wale mnaotuma watoto wawawakilishe, mjue mtoto hazai mzazi." Watu wanacheka, mchungaji anainamisha kichwa kuficha meno, mimi najiona nimetoa huduma. Nilikuwa napenda sana kuchekesha watu kwa makosa ya wengine.

Mwaka juzi, likizo ya katikati ya mwaka ilipoisha, mkuu wa shule alituita wazazi na walezi wa kidato cha pili. Akasema mtihani wa upimaji uko mwezi wa kumi na moja, atakayefeli atarudia kidato, na watoto wetu wanafika darasani wamechoka kabla hata ya kipindi cha kwanza. Madaftari yana matope na maji ya majani ya ng'ombe. Akatuomba saa mbili tu: kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja jioni, mtoto asitumwe popote, akae nyumbani asome. Mzazi ambaye hajui masomo amsikilize tu, inatosha.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na ng'ombe wale nini? Madaftari?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapandwa na hasira, nikasimama. Nilisema mengi, lakini lililobaki ni hili: kila nyumba itakayovunja utaratibu, jina lake lisomwe kanisani. "Na nitalisoma mwenyewe," nikasema. Makofi yakapigwa. Wakaona pia, kwa kuwa nyumba yangu imepakana na kanisa, niwe nagonga kengele kila siku saa kumi na moja ili watoto wote wajue muda umefika. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, ukiipiga kwa chuma inasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Sasa niseme habari za binti niliyekuwa naye nyumbani. Alikuwa mtoto wa mdogo wangu wa kiume, anayeuza samaki kule bwawa la Nyumba ya Mungu. Alipofaulu darasa la saba, baba yake alimleta kwangu na begi moja na furushi la samaki wakavu. "Kwako atasoma, dada," aliniambia. "Kule kwetu kila mtoto anaishia kwenye samaki." Watoto wangu wote wameshaondoka, marehemu mume wangu ana miaka yake huko alikolala, nami nilifurahi kupata mtu wa kuniita shangazi ndani ya nyumba. Alikuwa mpole, mwenye maswali mengi, na alitaka kuwa nesi. Aliniambia hilo siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajanywa maji.

Siku ya kwanza ya kengele nilimwekea meza dirishani, nikaipangusa mwenyewe. Nikatoka nikagonga rimu kwa nguvu zangu zote. Niliporudi nilimkuta ameinamia daftari, na nje ng'ombe analia njaa. Nikamwambia, "Mwanangu, kata majani mara moja tu, urudi."

Mara moja! Kesho yake ilikuwa mara moja ya majani, keshokutwa mara moja ya kuni. Jumanne na Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya maji. Huku kwetu tuna ndiva, bwawa la kienyeji lililojengwa na babu zetu, ambalo likishajaa linafunguliwa na maji yanateremka kwa mfereji shamba baada ya shamba. Usipokuwa na mtu wa kulinda, mwenzio wa juu anageuza maji kwa jembe moja tu, wewe unabaki na tope. Kwa hiyo nilikuwa nikitoka kugonga kengele, yeye anashuka bondeni na jembe begani, daftari la baiolojia amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Tulikuwa tunapishana pale mlangoni, mimi na chuma changu mkononi.

Siku moja alisema, "Shangazi, leo kengele imeshalia." Nikamjibu, "Maharage hayajui kidato cha pili." Nikacheka mwenyewe kwa jinsi nilivyolipanga hilo neno. Yeye akachukua jembe.

Jioni nyingine nilikuwa napepeta mahindi ya makande, akaja amekumbatia daftari. "Shangazi, nisikilize kidogo nikisema. Hata usipoelewa." Nikamwambia Kiingereza chenyewe sikijui, aende akachochee moto jikoni. Hakuomba tena. Nalikumbuka hilo kuliko yote, maana halikuhitaji maji wala jembe, lilihitaji masikio tu na mimi nilikuwa nimekaa.

Kila Jumapili baba yake alipiga simu. "Dada, mtoto anasoma?" Namjibu, "Anasoma." Na kweli alikuwa anakwenda shule kila siku, kwa hiyo nilijiambia sijadanganya.

Watu waliona, wasione kwa nini? Shamba langu na la jirani yangu yamepakana kule bondeni. Ni mama mwenye ng'ombe watatu na kijana wa kidato hichohicho cha pili. Siku moja tulipokutana njiani akanitania, "Mama kengele, yako haifiki bondeni?" Nikamjibu ashughulike na nyumba yake. Nilipompita nikamsikia anajisemea, "Nyani haoni kundule." Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na Ijumaa nikampeleka binti mfereji vilevile.

Mwezi wa kumi mwalimu wa darasa akawagawia wanafunzi karatasi ya kujaza. Je, nyumbani unapewa muda wa kusoma? Nani anakusaidia, na kwa namna gani? Mimi sikujua habari hizo. Nilichojua ni kwamba Jumapili moja nilikabidhiwa bahasha ya shule mlangoni mwa kanisa, na mimi barua siisomi kwanza pembeni, naifungulia palepale mbele za watu. Ndivyo nilivyokuwa najivunia.

Orodha ya kwanza ilikuwa ya nyumba ambazo watoto wamesema hawapewi muda. Zilikuwa tano. Ya nne ilikuwa ya yule jirani yangu. Kijana wake alikuwa ameandika ukweli, mtoto wa watu. Nikalitamka jina la mama yake polepole, halafu nikanyamaza kidogo ili liingie vizuri. Nikaongezea na changu: "Wengine midomo inafika mbali, miguu haifiki." Kanisa likacheka. Yeye alikuwa benchi la tatu, akawa anakunja na kukunjua leso yake.

Nikageuza karatasi. Orodha ya pili ilikuwa ya nyumba za kupongezwa. Jina la tatu lilikuwa langu. Mdomo ulishalitoa kabla akili haijafika, na macho yakaendelea kusoma: mama huyu humpa mwanafunzi wake saa mbili kila siku, na humsikiliza anaposoma kila jioni.

Humsikiliza anaposoma. Makofi yalipigwa, vigelegele vikapaa, mchungaji akainuka akanipa mkono. Nilitazama upande wa kwaya ya vijana. Binti alikuwa anaangalia viatu vyake. Ningeweza kusema neno moja tu pale, kwa sauti hiihii ambayo Mungu amenipa. Nilisema, "Tangazo linalofuata ni la wanakwaya."

Nyumbani sikumuuliza chochote. Nilimchinjia kuku. Nikampumzisha siku mbili, ya tatu nikamwambia aende mfereji, mara moja tu. Mtihani ulibakiza wiki chache.

Matokeo yalitoka Januari. Aliyatazama kwenye simu ya mwenzake njiani, akaja akasimama mlangoni. "Shikamoo shangazi. Nimefeli." Kisha akapita uani akachukua jembe, maana ilikuwa Ijumaa.

Mwalimu wa darasa aliniita shuleni, akanikaribisha kwa heshima zote. Binti alikuwa amekaa pembeni yangu. "Mama, wewe usijilaumu," mwalimu akaniambia. "Ungekuwa umezembea tungesema ni nyumbani. Lakini wewe umempa kila kitu, mpaka umemsikiliza. Sasa tukubali tu kwamba mtoto ni mzito. Hata akirudia kidato sioni tofauti. Mfikirie ufundi wa kushona." Yote yale aliyasema kwa upole, naye binti akaitikia kwa kichwa. Nami, jamani, nikasema, "Asante mwalimu."

Usiku ule mdogo wangu alipiga simu. "Dada, kama kwako ameshindwa, hata wewe umejitahidi kiasi hicho, basi hana kichwa cha shule. Nakuja Jumamosi nimchukue. Atamsaidia mama yake kukausha samaki." Nikabaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Neno langu moja lingemrudisha yule mtoto darasani, na neno hilo lilikuwa la kujianika mwenyewe.

Jumamosi mdogo wangu alifika jioni kwa gari la kutoka Same, amechoka, akala akalala. Nilimkuta binti chumbani anakunja sare zake za shule. Alikuwa anazikunja vizuri, kola juu. Nikakaa kitandani nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa tangu mwezi wa kumi.

"Kwa nini uliandika vile?"

Alikunja sketi mpaka akaimaliza. "Nilijua wasiowapa watoto muda watasomwa kanisani. Na msomaji ni wewe. Ungejisoma mwenyewe, shangazi."

Nilitoka nikaenda kukaa bandani na ng'ombe wangu, nikalia pale kama mtoto aliyepigwa.

Kesho yake niliyasoma matangazo yote mpaka la mwisho, sikuongezea hata neno. Mdogo wangu alikuwa benchi la mbele, binti pembeni yake. Nikakunja karatasi. Nikasema lipo tangazo moja halikuandikwa. Nikasema nyumba yangu haikuwapo kwenye zile nyumba za kupongezwa, ilitakiwa iwe ya kwanza katika zile tano. Kwamba nilipokuwa nagonga kengele, mtoto alikuwa anashuka mfereji. Kwamba sijawahi kumsikiliza hata jioni moja, na yeye alidanganya kunisitiri. Kwamba si mzito. Nikamtaja jirani yangu kwa jina, nikamwomba radhi mbele ya watu walewale. Sauti ilinikatikia mara mbili. Hakuna aliyepiga makofi, na sikutaka.

Nje ya kanisa mdogo wangu aliniita pembeni, chini ya ile rimu. Nilidhani atafoka. Alisema taratibu, "Miaka miwili nakuuliza kila Jumapili, dada." Kisha akasema, "Atarudia kidato cha pili. Lakini hatarudia kwako." Akasema atamtafutia shule kule chini, karibu na kwao. Sikubishana naye. Alikuwa na haki.

Walipoondoka, jirani yangu alinishikia mzigo mmoja mpaka barabarani. Hakusema amenisamehe. Alisema maji ya Jumanne tubadilishane zamu, yeye achukue ya mwanzo, kwa kuwa kijana wake sasa haendi tena bondeni na yeye mwenyewe magoti yanamsumbua. Nikamwambia achukue.

Matangazo nimemwachia mwingine. Kengele wameniambia niendelee nayo, kwa sababu ya ukaribu. Saa kumi na moja naipiga, halafu naweka chuma chini, nachukua jembe, nashuka. Ni mwendo wa robo saa tu. Nakaa juu ya jiwe nayatazama maji yakiingia kwenye maharage, na mpaka sasa hakuna mche uliokufa.

Mwezi uliopita binti alinipigia mwenyewe. "Shikamoo shangazi." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza shule. Akasema anaendelea vizuri, kwenye majaribio ya baiolojia amekuwa wa pili darasani. Nilitaka kumwambia anisomee kitu, chochote, hata nisipoelewa, nikaona aibu. Yeye akaniuliza, "Siku hizi nani analinda maji?"

Nikamwambia ni mimi.

Nikasikia watu wa kule wanaongea nyuma yake. Kisha akasema, "Pole, shangazi."

Pole hiyo mpaka leo sijui niiweke wapi.