Sabuni Mbichi na Kodi ya Hangi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Nyabiondo, mwanangu, wakati wa Wabelgiji, nilipojiona tajiri kuliko watu wote wa Masisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilisimama mlangoni mwa ghala la shangazi yangu, mikono kiunoni, nikatazama vipande vya sabuni vilivyojaa kwenye vichanja kutoka chini hadi darini, nikacheka peke yangu. Katika nyumba ile nzima hapakuwa na faranga hata moja, na mimi nacheka. Jambo hili sijalisimulia kwa mtu, hata kwa marehemu babu yako, kwa hiyo usinikatize.

Nakuambia leo kwa sababu ya yale uliyonieleza Jumapili tukitoka kanisani. Ulisema kiwanda chako cha biskuti kinakwenda vizuri, kwamba ngano imeshuka bei, na kwamba unataka kuchukua pesa zote zilizopo, za mishahara na hata zile wafanyakazi wanazokuwekesha, ununue ngano ya mwaka mzima. Ulisema kwa furaha, tai yako imekaa sawa shingoni. Mimi nikakusifia tai, nawe ukadhani koko wako, bibi kizee huyu, hajui mambo ya viwanda. Nilielewa kila neno.

Shangazi Ndoole, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na alikuwa na kiwanda cha sabuni. Karatasi ya ruhusa iliandikwa jina la baba yangu, maana wakati ule nani angempa mwanamke ruhusa ya kiwanda? Lakini baba hakujua hata sabuni inapikwaje. Shangazi alikuwa na mapipa mawili yaliyokatwa, wafanyakazi wanane, na ghala la udongo. Mafuta ya mawese yalitoka Itebero, kule kwenye msitu wa Walikale, yakipanda milima siku nyingi juu ya vichwa vya wapagazi. Soda kali ya kupikia sabuni ilitoka mjini. Tulipika, tukamimina kwenye masanduku ya mbao, tukakata kwa waya, tukapanga kwenye vichanja. Hapo ndipo kazi ya kungoja ilipoanza, kwa sababu sabuni iliyokatwa leo haiuzwi leo. Inakaa mwezi na zaidi mpaka ikauke. Ukiiuza mbichi, inasinyaa mikononi mwa mteja, na kesho yake anakutaja vibaya sokoni.

Mpishi wetu mkuu aliitwa Hangi. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye mke aliyeitwa Furaha, mtoto mchanga, na baba mzee aliyekuwa hawezi tena kutembea. Hangi alijua sabuni imeiva kwa kuigusa na ncha ya ulimi. Mimi nilijaribu mara moja, ulimi ukaniwasha siku mbili, na wafanyakazi wakafurahi kwamba angalau nimenyamaza.

Sasa sikiliza vizuri. Shangazi alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vitambaa viwili vilivyofungwa. Cha bluu kilikuwa na pesa za kazi: mafuta, soda, mishahara ya Jumamosi. Chekundu kilikuwa na pesa za wafanyakazi wenyewe. Unajua ilivyo kwetu: mtu akipokea mshahara, kabla hajafika nyumbani shemeji amekwisha kumwomba, na binamu naye ana mgonjwa. Basi walikuwa wanampa shangazi sehemu ya mshahara awawekee. Hangi alikuwa anaweka kila Jumamosi bila kukosa, ili awe na kodi ya mwaka, ile ya kichwa ambayo Wabelgiji walimdai kila mwanaume, na asiyelipa alifungwa. Mbuzi wake wote walikuwa wamekwenda kwenye mahari ya Furaha, na kimbilio lake jingine halikuwepo.

Kiangazi hicho shangazi aliitwa Bweremana, kando ya ziwa, kumwuguza wifi yake. Akaniachia ufunguo.

"Kahindo," akasema, "unajua kusoma, unajua kuhesabu, sina wasiwasi. Ila kitambaa chekundu usikifungue. Ile haiko yetu."

"Ndiyo, shangazi."

"Usiniambie ndiyo ya mudomo."

Juma moja baadaye akafika Papa Bwira, mkubwa wa wapagazi wa Itebero, na habari zilizonitia joto mwilini. Mnunuzi mkubwa wa mafuta huko kwao alikuwa amefunga biashara.

"Mafuta imeshuka, mutoto wangu," akaniambia. "Bantu bako na madebe mu nyumba, bamekosa mutu wa kuuzia. Ukiwa na franga leo, utapata mara mbili ya kila siku. Mwezi ujao hatujue."

Nikakaa na kalamu yangu ya shule. Soda tulikuwa nayo ya nusu mwaka. Nikapiga hesabu, nikarudia, na kila mara ikatoka faida ya kuogofya. Nikafungua kitambaa cha bluu, kikawa hakitoshi. Nikatazama kile chekundu. Nilijiambia ni mkopo tu, kwamba nitarudisha kabla shangazi hajarudi, kwamba hata wenyewe wangejua wangenishukuru. Mwanangu, hakuna mtu anayejidanganya haraka kama mtu anayejua hesabu. Nikakifungua.

Mafuta yakaja, debe juu ya debe. Tukapika kila siku. Jumamosi ya kwanza niliwaambia wafanyakazi wavumilie kidogo, wakavumilia, wakijua nyumba ya shangazi haijawahi kumdhulumu mtu. Ghala likajaa. Ndiyo asubuhi ile niliyokuambia, nilipokuwa nikicheka mlangoni.

Siku hiyo hiyo Hangi akanifuata, akajipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kusema.

"Dada Kahindo, karani wa kodi amekwisha kufika Masisi. Juma hii atakuwa hapa. Naomba zile franga zangu."

Nilijua sanduku ni tupu. Lakini nikajifanya mkubwa, nikamwonyesha ghala.

"Unaona ile sabuni yote, Hangi? Franga yako iko mule ndani. Tena itaongezeka."

Akatazama vichanja, akanitazama mimi.

"Karani hapokeake sabuni, dada."

Nikamwambia asiwe na hofu. Nikazunguka Nyabiondo nzima kuomba mkopo, kwa mwalimu wa misheni, kwa mwenye duka, kwa wazee wa kanisa. Kila mtu alikuwa anatafuta kodi yake mwenyewe. Siku ya soko akatokea mchuuzi mmoja wa Bweremana, aliyekuwa akipandisha samaki na kuteremsha maharage. Nikamkaribisha ghalani kama mgeni wa arusi. Akachukua kipande kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

"Hii iko mubichi," akasema. "Nikibeba hii, kufika ku ziwa itakuwa imekonda nusu. Nitakupa robo ya bei. Nitabeba kichanja kimoja, basi."

Robo ya bei! Niliona kama amenitukana mbele ya watu. Kichanja kimoja kwa robo ya bei kingetosha kodi ya Hangi, na kingebaki cha chumvi. Nilijua hivyo, maana hesabu niliifanya hapo hapo kichwani. Lakini nilisema sitauza kwa hasara, labda shangazi afe na kufufuka, na maneno mengine ya kijinga. Mchuuzi akacheka, akajitwika maharage yake, akaenda zake. Nikajipa moyo kwamba karani naye ni binadamu, nitamweleza.

Karani alikuja siku ya pili yake na polisi wawili. Wanaume wakapanga mstari, kila mmoja na kijitabu chake. Mimi nikaenda na kikapu cha sabuni kichwani, nimevaa kitenge changu kizuri. Nikaeleza kwa Kifaransa changu cha misheni kwamba pesa za mtu huyu ziko, isipokuwa zimelala kidogo. Karani hakuinua hata macho.

"Kodi ni faranga," akasema, akaita jina linalofuata.

Wakamfunga Hangi kamba moja na wanaume wengine watatu. Furaha akawafuata mpaka mtoni na mtoto mgongoni, akilia. Nilingoja Hangi anitukane, ningeona nafuu. Alipopita karibu yangu akasema tu, "Dada, ile moto mupunguze. Sabuni itaungua." Alikuwa ameacha pipa jikoni, na hilo ndilo lililokuwa akilini mwake. Mwanangu, nimezika mume na watoto wawili, lakini aibu ya siku ile bado inanichoma.

Shangazi alirudi siku nne baadaye. Alikuwa amekwisha kusikia njiani. Akafungua sanduku, akaona vitambaa viwili vimekunjwa vizuri, vitupu. Akaenda ghalani, akatazama, akarudi, akaketi kwenye kigoda.

"Sikuiba, shangazi," nikaanza. "Nilinunua mafuta. Ilikuwa bei ya chini sana, na ukipiga hesabu..."

"Kwa franga ya nani?"

Nikatazama sanduku.

"Nakuuliza, Kahindo. Franga ya nani?"

"Ya Hangi. Na ya wale wengine."

"Ile sabuni yako iko mali, sikatai. Hata mimi nikiiona nafurahi. Lakini itakuwa franga siku gani? Na Hangi alikuwa anatafuta franga siku gani? Ulishindwa kujiuliza hiyo, weye mwenye kusoma?"

Hakunipiga. Akatoa mbuzi wake wawili wenye mimba, akawauza siku ile ile kwa bei aliyopewa, bei mbaya kabisa, bila kubishana. Akashika njia ya Masisi kwa miguu, mtu mzima vile, ili alipe kodi. Alichelewa. Hangi na wenzake walikuwa wamepelekwa kazi ya barabara upande wa Walikale. Karatasi ya kuonyesha kodi imelipwa ikabidi imfuate huko, na karatasi za wakati ule zilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Ulipita karibu mwezi mzima kabla hajafunguliwa.

Katika mwezi ule mvua ilianza. Shangazi alinipa jembe akanituma kwa Furaha, nikalima, nikapanda maharage yao, malengelenge yakapasuka mikononi. Na katika mwezi ule baba yake Hangi alikufa. Alikuwa akimwuliza Furaha kila asubuhi: Hangi amerudi? Tulimzika sisi majirani. Mwanawe wa kwanza, aliyepaswa kutupa udongo wa kwanza, alikuwa anavunja mawe na hakujua.

Nawe utaniuliza, sabuni je? Sabuni ilikauka vizuri. Kabla ya Noeli mafuta yalipanda bei, viwanda vidogo vya jirani vikakosa, sisi tukawa na sabuni peke yetu. Tuliuza mpaka Bweremana. Yule mchuuzi alirudi akanunua kwa bei yetu, bila kucheka. Shangazi akaweka mabati juu ya ghala. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, mwanangu, kila tarakimu! Nakuambia hili kwa sababu najua na ya kwako ni sahihi. Nilikosea kwenye siku.

Shangazi akawalipa wafanyakazi wote, kisha akanipa pesa nimpelekee Hangi: zake zote, na juu yake nyingi, karibu mshahara wa mwaka. Nilimkuta nyumbani anasuka kikapu. Akanipa kigoda. Nikampa kile kitambaa chekundu chenye pesa kwa mikono miwili, yeye akakipokea kwa mikono miwili. Akatoa zake, zile alizoweka Jumamosi kwa Jumamosi. Zilizobaki akazifunga tena, akanirudishia.

"Dada, hii iko mingi," akasema polepole. "Mimi nilikuwa nataka ile kidogo, ile siku."

Hakuwa na hasira. Akaniuliza habari za shangazi, akanisindikiza mpaka njiani, lakini kazini hakurudi.

Basi, mwanangu, nasema wazi, usije ukajifanya hukunisikia. Pesa ambazo wafanyakazi wako wamekuwekesha ziondoe leo kwenye hesabu yako, uziweke mahali ambapo mkono wako hautafika, hata ngano igeuke kuwa bure. Kisha tenga mishahara ya miezi kadhaa, na kodi, na mafuta ya mashine. Kitakachobaki, kinunulie ngano, hata ikiwa ni nusu ya unayoitaka. Ukiingia ghalani usijiulize tu mali hii ni ya thamani gani, jiulize itakuwa pesa siku gani, na nani atakuwa anakungoja siku hiyo. Na ikitokea umebanwa, maana kila mwenye kiwanda hubanwa, uza mapema kwa hasara, umeze aibu yako. Hasara ya robo ya bei ningekuwa nimeisahau zamani. Ile sura ya mzee akiuliza kama mwanawe amerudi, ninayo mpaka sasa.

Hao watu arobaini wanaokanda unga wako, kila mmoja ana siku yake ambayo wewe huijui. Mmoja ana mtoto wa kupelekwa hospitali, mwingine ana kodi ya nyumba. Hawatakuambia. Watasema tu, kwa adabu, "Patron, naomba zile franga zangu," na siku hiyo uwe nazo.

Njoo nikushike kichwa. Mungu wa wazee wetu akubariki, wewe na kazi ya mikono yako. Akupe nyingi akipenda, na akikupa kidogo, hicho kidogo kikufikie siku ile unayokihitaji. Amina.