Maji ya Mwezini na Mpunga wa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Mchombe, nilijua mwezini kuna maji kama nilivyojua jina langu. Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea na ndiye aliyeniambia. Mwezi mpya ukionekana umelala chali, pembe zote mbili juu, alisema umeyakinga maji yake na mvua hakuna. Ukiinama upande, unayamwaga, na hapo ndipo mkulima mwenye akili anatoa mbegu ndani.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, mvua zilichelewa hadi watu wakaacha kula mchana. Sisi tulibakiwa na mbegu kidogo ya mpunga na jaruba letu la bondeni, basi. Mbegu ile ikimwagwa kwenye udongo mkavu na mvua isije, ndege na panya wanaimaliza, nasi njaa mwaka mzima. Jioni mwezi ulipoandama, ulikuwa chali kabisa. Bibi akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akasema hapandi mtu hapa.

Jirani yetu, Mama Zuhura, alimwaga mbegu zake kesho yake asubuhi. Bibi alisimama kwenye tuta, watu wanasikia, akamcheka. "Unawalisha ndege, mwanangu."

"Nimemwachia Mungu, bibi," Mama Zuhura akajibu kwa adabu, akaendelea kumwaga.

Mimi nikaleta ya shuleni. "Bibi, mwalimu anasema mwezini ni vumbi tupu, hakuna hata tone."

"Mwalimu wako alishafika huko?"

"Hapana."

"Basi akienda, akirudi, ndiyo anieleze."

Mvua ikaja kabla hata mwezi haujakua. Ilinyesha kwa nguvu, ikaacha, ikanyesha tena. Mpunga wa Mama Zuhura ukachipua ukafunika shamba, na kwetu maji yakasimama mpaka kwenye muundi. Mbegu ukiimwaga kwenye maji namna ile inaoza, na kuanza kitalu tungechelewa mno. Nililia kwa hasira. Niliuchukia mwezi, nikamchukia na mwalimu kwa kutopaza sauti zaidi.

Bibi hakulia. Alilikazia macho lile shamba, akajifunga kitenge cha kazi, akanishika mkono tukaenda kwa Mama Zuhura.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikucheka, na mpunga wako umeota. Ila umebanana. Niache nikupunguzie shamba lote, na miche nitakayong'oa unipe nikapandikize kwangu."

Mama Zuhura angeweza kutukatalia, na angekuwa na haki. Alisema tu, "Anzeni upande ule wenye maji, inang'oka vizuri."

Watu wa kwetu walizoea kumwaga mbegu. Kupandikiza mche mmoja mmoja waliona ni kujitesa. Tulijitesa. Migongo ilikataa kunyooka, vidole vikavimba kwa tope, na wapita njia wakauliza kama tumerogwa. Bibi aliwajibu waje wamuulize wakati wa mavuno. Tulivuna, tukala, na msimu uliofuata alipanda mvua ya kwanza ilipolowesha udongo, bila kutazama juu.

Siku hizi naishi Mlabani, nauza mchele. Juzi redioni walisema wataalamu wameona dalili za barafu mwezini, kwenye mashimo ya kule nchani ambako jua halifiki kabisa. Nikacheka peke yangu, mteja akanishangaa. Kumbe maji yapo, ila yameganda, hayamwagiki kwa mtu. Mwalimu alikosea lake na Bibi akakosea lake, na wote wawili walikuwa na uhakika. Wangekuwa hai ningewakalisha wamalizane.

Lakini mimi nina langu la kusema. Sikushiba mwaka ule kwa sababu ya aliyejua habari za mwezi. Nilishiba kwa sababu bibi yangu, mwenye ulimi mkali kuliko wote Mchombe, alimcheka jirani yake, akakosea, kisha akaenda mwenyewe mchana kweupe kumwomba miche.