Kibali cha Ukoo

Miaka ile ya utawala wa Mwingereza niliwafundisha wanawake wa usharika wetu, Bweranyange, kwamba mama anayelia baada ya kujifungua salama amekosa shukrani kwa Mungu. Mmoja aliinuka, akambeba mtoto wake mchanga, akatoka. Sikumfuata kumuuliza.

Kisha nikajifungua mtoto wangu wa sita, nami nikalia kila siku bila sababu niliyoweza kuitaja. Kwa desturi yetu, mzazi hukaa ndani, juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Cha mwanangu kilidondoka siku ya tano. Mama mkwe alikitazama, kisha akanitazama mimi.

“Hutoki. Hujamchekea mtoto.”

“Niache nione migomba tu, mama.”

“Migomba imekukimbia? Ipo. Mchekee kwanza.”

Nilijaribu. Mashavu yalivutika, mtoto akaangua kilio. Hivyo nilikaa mwezi mzima katika giza lililokuwa likinizidishia ugonjwa, na walionifungia walikuwa wakinipenda. Haki inanidai niliseme hilo.

Hatimaye mume wangu alinipeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema uzazi mwingine ungeweza kuniondolea akili kabisa. Angeweza kunifunga kizazi, nisizae tena, mradi mume atie sahihi. Mume wangu, mwalimu aliyesoma kunizidi, aliishika kalamu, akairudisha mezani.

“Watoto ni wa ukoo, mama watoto. Lazima niwaulize kaka zangu.”

“Kwani ndio watakaozaa?”

“Usinigombeze mbele ya daktari.”

Kaka zake walikutana Kituntu, wakanywa pombe ya ndizi, wakatoa jibu la upole: wasichana ni wanne, wavulana wawili tu, aongeze mvulana mmoja, kisha afungwe. Mume wangu aliniletea jibu hilo kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi.

“Wamekubali,” alisema.

“Wamekubali nirukwe na akili kwanza.”

Siku hiyo nilihamishia mkeka wangu chumba cha watoto. Hakuleta ugomvi, alingoja, kwa adabu, kama anavyongoja mtu mwenye haki yake. Maandiko yanamkataza mke kumnyima mumewe, nami nayaamini mpaka leo. Nilitenda dhambi, na niliitenda kwa akili timamu, kwa kuwa akili hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiokoa. Sahihi haikuja. Sikurudi kitandani kwake.